Nasaba ya Mtoto Haifutiki kwa Kubadilika Mzazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, ambaye huumba atakavyo, na ambaye amewajaalia waja wake kuwa jamaa kwa nasaba na kwa ndoa. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na aali zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Enyi Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani. Tunajiusia sisi wenyewe, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaona halistahiki kutajwa juu ya mimbari. Nasi pia tulisita. Lakini tumeulizwa mara nyingi, na wanafunzi wetu na jamaa wenye watu wao katika nchi za Ulaya, juu ya mzazi aliyebadili jinsia yake: je, bado ni mzazi wa watoto wake? Je, watoto wanarithi? Je, wanaitwa kwa jina la nani? Na swali likinyamaziwa msikitini hujibiwa barazani, na majibu ya baraza tumeyaona yalivyowadhulumu watoto. Kwa hiyo tumeona tuliseme kwa adabu yake na kwa kadiri ya elimu tuliyojaaliwa.

Siku moja baada ya Sala ya Alasiri walitujia wanawake wawili, mavyaa na mkaza mwana wake. Mzee wa nyumba yao alikuwa amefariki, akaacha mjane, ambaye ndiye huyo mavyaa, na watoto watatu aliowalea kuwa wanawe wa kiume. Wawili wako papa hapa. Wa tatu alikwenda Uingereza kutafuta riziki tangu ujana wake. Alioa hapa kwetu, akazaa binti na mvulana, na mkewe akabaki na watoto katika nyumba ya wakwe. Baadaye, huko alikokuwa, alitibiwa na madaktari akabadili jinsia, na serikali ya huko ikampa cheti cha kumtambua kuwa ni mwanamke. Ndoa ilikuwa imekwisha kuvunjwa kwa talaka, na eda imekwisha. Binti sasa ana miaka 19 na ameposwa. Mvulana ana miaka 11, anasoma skuli asubuhi na chuoni jioni.

Ami zao, yaani ndugu wawili waliobaki, walikuwa wametoa hukumu yao bila ya kadhi. Walitaka jina la baba liondolewe katika daftari la skuli, na mvulana aandikwe kwa jina la ami mkubwa. Fedha zilizokuwa zikiletwa kila mwezi kwa ajili ya watoto walizirudisha, wakasema ni haramu. Katika mirathi ya mzee wao walisema ndugu yao ahesabiwe kuwa ni binti, apewe nusu ya fungu lao. Na juu ya nikaha ya binti walisema wao watamwoza, kwa sababu baba yake hayupo tena, ni kama aliyekufa.

Bibi yule hakutaka hotuba. Alituuliza neno moja tu: “Sheikh, hawa wajukuu wangu ni watoto wa nani?”

Ndugu Waislamu, kabla ya kumjibu bibi huyu yafaa tujue kwamba Waislamu hawakuanza leo kufikiri juu ya mtu ambaye hali yake ya kiume au ya kike ina mashaka. Vitabu vyetu vya fiqhi vina mlango wa khuntha, yaani mtu aliyezaliwa na viungo vya pande mbili, au asiye na alama iliyo wazi. Katika masimulizi ya kale ya Waarabu, kabla ya Uislamu, husimuliwa habari za hakimu wao mkubwa, Amir bin Adh-Dharib Al-Adwani. Alipelekewa kesi ya urithi wa khuntha, naye akashindwa kuikata. Akakaa kwa muda mrefu, halali usingizi wala hatoi hukumu. Mjakazi wake mchunga kondoo, aitwaye Sukhaila, ambaye bwana wake alikuwa akimlaumu kila siku kwa kuchelewa, akamwuliza ana nini. Alipoelezwa akamwambia aangalie mkojo unatoka wapi, ahukumu kwa hilo. Amir akafuata shauri lake, na tangu siku ile hakumlaumu tena kwa kuchelewa. Uislamu ukaja ukalithibitisha jambo hilo, na mafakihi wakalipanua kwa alama nyingine. Sisi katika kisa hiki tunapenda zaidi kule kusita kwa yule hakimu. Mtu wa zama za ujahili, asiye na Kitabu, aliona haya kuhukumu asilolijua.

Mafakihi wetu wakasema kwamba katika alama zote, iliyo na nguvu kupita zote ni kuzaa. Akishika mimba khuntha akazaa, basi ni mwanamke kwa yakini, hata kama alama nyingine zilionyesha kinyume chake. Lishikeni neno hili, tutalirejea.

Na khuntha si habari ya vitabuni tu. Kenya ilipohesabu watu wake mwaka 2019 iliandika watu 1,524 wa hali hiyo, na sheria yake ya watoto ya mwaka 2022 imewataja watoto hao na kuwawekea ulinzi. Wako majumbani mwetu, na pengine yumo mmoja katika chuo chako, ewe mwalimu, naye anajificha.

Ama mtu aliyezaliwa na mwili ulio wazi, kisha akabadili, huyo ana mlango mwingine, na wanazuoni wamekhitilafiana juu yake. Mwaka 1988 Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliulizwa juu ya mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar. Akajibu kwamba tiba ya kupasuliwa inajuzu pindi daktari mwaminifu atakaposema kuwa ndiyo dawa, ya kudhihirisha uume au uke uliofichika, na haijuzu kwa matamanio matupu ya kugeuka. Mwaka 1989 Baraza la Fiqhi la Makka lilipambanua: aliyekamilika viungo vyake haijuzu kumgeuza, na aliyechanganyikiwa viungo huangaliwa upande ulioshinda akatibiwa kwa huo. Kwa upande wa Mashia, Ayatullah Khomeini aliona inajuzu, na katika miaka ya 1980 akatoa fatwa iliyofuatwa na serikali ya Iran mpaka leo. Na zamani kabla ya hao wote, Imamu wetu Nawawi aliwagawa mafungu mawili watu wenye tabia za kike katika umbo la kiume: yule aliyeumbwa hivyo, naye hana lawama wala dhambi katika maumbile yake, na yule anayejitia kusudi, naye huyo ndiye aliyekusudiwa na makemeo yaliyomo katika Hadithi.

Sisi tunaifuata kauli ya wengi katika Masuni, nayo ndiyo iliyopitishwa Makka. Lakini hatukuja hapa leo kumhukumu mtu ambaye hatukuyaona maradhi yake wala hatukusoma karatasi za madaktari wake. Tumekuja kwa ajili ya watoto. Na juu ya watoto hatukuona khitilafu ya kuwatoa katika nasaba yao, si kwa aliyejuzisha wala kwa aliyekataza.

Kwani nasaba ni nini? Nasaba ni jambo lililokwisha kutokea. Mtoto alipotungwa mimba katika ndoa sahihi, alithibiti kuwa wa baba yule na mama yule, na saa ile haiwezi kurudi. Mtu anaweza kubadili jina, nchi, kazi, hata dini akatoka (tunajikinga kwa Mwenyezi Mungu), na mtoto aliyekwisha kuzaliwa atabaki kuwa ni mtoto wake. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, tuwaite watoto kwa baba zao waliowazaa, na aya hiyo iliteremka ili kuondoa desturi ya kumbandika mtoto jina la mtu mwingine, hata mtu huyo akiwa mwema kuliko wote. Basi ami aliyetaka kumwandika mwana wa nduguye kwa jina lake alidhani anaisitiri aibu, kumbe anafufua lile lililozikwa na Qurani.

Wale ndugu wawili walikuwa na hoja moja waliyoiona kubwa. Walisema: hata serikali ya huko imekwisha kumfuta asiwe baba, maana cheti chake kinasema ni mwanamke. Ikatubidi tuulize kwa wanaojua sheria za Waingereza, nasi tukaonyeshwa. Sheria ya Uingereza ya Kutambua Jinsia ilipitishwa mwaka 2004, na kifungu chake cha 12 kinaeleza kwamba kubadilika kwa jinsia ya mtu mbele ya sheria hakuigusi daraja yake ya kuwa baba au mama wa mtoto. Yaani aliyekuwa baba wa watoto wale kabla ya cheti, ni baba yao baada ya cheti. Waliotunga sheria ile hawakuwa wakisoma Minhaj, lakini walipofika kwa mtoto walisimama pale pale waliposimama mafakihi.

Na jambo hilo lilitiwa mtihanini. Mwaka 2018 mtu mmoja nchini humo, aliyezaliwa mwanamke na kutambuliwa na sheria kuwa mwanamume, alizaa mtoto. Alitaka aandikwe katika cheti cha mtoto kuwa ni baba, au mzazi tu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema kwamba aliyebeba mimba na kuzaa ndiye mama kwa sheria, hata kama jinsia yake ni ya kiume katika karatasi nyingine zote, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo. Ndilo lile neno tulilosema mlishike: kuzaa ni alama isiyoshindwa. Wapo waliomhurumia mzazi yule kwa sababu anaitwa mama na hali anaishi kama mwanamume, na huruma si kosa. Lakini majaji walitazama kwamba mtoto ana haki ya kujua nani alimzaa, na kwamba haki hiyo ianze siku anapozaliwa.

Si mahakama zote zilizokwenda njia hiyo. Katika jimbo la Nevada, Marekani, mwaka 1986, Mahakama Kuu ya jimbo ilikata moja kwa moja haki za baba aliyebadili jinsia juu ya binti yake, akawa mbele ya sheria si mzazi tena. Watu wengi wakisikia hukumu kama hiyo husema ndiyo inayoelekea Uislamu. La, si hivyo. Katika sharia yetu kadhi anaweza kumwondolea mzazi malezi, anaweza kumwondolea usimamizi wa mali ya mtoto, anaweza hata kumzuia asionane naye peke yake ikiwa pana khofu ya madhara. Kumfanya asiwe baba hawezi. Nasaba iliyothibiti kwa ndoa haikatwi na kadhi, kwa sababu hakuiunganisha yeye.

Basi hapo ndipo wengi hukosea: wanachanganya nasaba na yale yanayoifuata. Nasaba ni shina, halina kuongezeka wala kupungua. Nafaka, malezi, urithi na uwalii ni matawi, na kila tawi lina masharti yake.

Tuanze na nafaka, maana tumbo la mtoto halingoji. Baba mwenye uwezo ni wajibu wake kumlisha mtoto wake mdogo asiye na mali, kumvika na kumsomesha. Wajibu huu haukuwekewa sharti la sura ya baba wala mavazi yake. Waliosema fedha zile ni haramu tuliwauliza: anafanya kazi gani huko? Wakasema anafanya kazi ya uuguzi hospitalini. Basi ni fedha za kuuguza wagonjwa, uharamu wake umetoka wapi? Uhalali wa mali hutazamwa kwa njia iliyochumiwa. Na kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui. Katika madhhebu yetu ya Shafii, nafaka ya mke isipotolewa hubaki kuwa deni, lakini nafaka ya mtoto siku yake ikipita imepita, haidaiwi tena, ila kama kadhi alikwisha kuamrisha. Kwa hiyo kila mwezi walioirudisha fedha ile, walimnyima yatima wa kutengenezwa chakula ambacho kesho hana pa kukidai. Tumesema yatima wa kutengenezwa, kwa sababu baba yake yu hai.

Malezi hayakuwa na mgogoro katika nyumba hii, watoto wako na mama yao, nasi hatutayarefusha. Inatosha kusema kwamba katika madhhebu yetu mama hutangulia mpaka mtoto apate kupambanua, kiasi cha miaka 7, kisha mtoto huchaguzishwa baina ya wazazi wake, na mzazi anayechaguliwa hutakiwa awe na akili timamu na mwenendo wa kuaminika, na hayo huchunguzwa na kadhi kwa dalili, si kwa uvumi.

Sasa urithi, na hapa tutakaa kidogo. Mambo yanayomzuia mtu asirithi yanajulikana na kila mwanafunzi wa Faraidh: utumwa, kuua, na tofauti ya dini. Kubadilika mwili hakumo. Kwa hivyo watoto wale watamrithi mzazi wao siku atakapokufa, naye atawarithi wao akitanguliwa, na fungu lake ni fungu la baba, kwa sababu alilipata kwa kuwazaa akiwa baba. Ayatullah Khomeini, katika kitabu chake Tahrir al-Wasila alichokiandika uhamishoni Uturuki katika miaka ya 1960, aliliuliza swali hili hasa: baba aliyekuwa mwanamke arithi fungu gani kwa mtoto wake? Naye pia aliona lililo karibu zaidi ni kutazama hali ilivyokuwa wakati mimba ilipotungwa. Madhhebu zetu si moja, lakini tunapokutana kwenye haki hatuoni haya kusema tumekutana.

Ama mirathi ya mzee wao, hebu tupige hesabu, maana hesabu hufichua nia. Tuseme mali aliyoiacha, nyumba na shamba la minazi, thamani yake ni shilingi 24,000,000 baada ya kulipwa madeni. Mjane ana thumuni, yaani 3,000,000. Zinabaki 21,000,000. Wakihesabiwa wana watatu wa kiume, kila mmoja atapata 7,000,000. Lakini yule wa Uingereza akihesabiwa binti, yeye atapata 4,200,000, na kila mmoja wa hao wawili atapata 8,400,000. Haya, tukawauliza ndugu wale: nyinyi mnaamini ndugu yenu ni mwanamume au ni mwanamke? Wakasema kwa sauti moja: ni mwanamume, na aliyoyafanya ni maasi. Tukawaambia: basi mbona mnapofika kwenye minazi anakuwa mwanamke? Wakanyamaza. Walipomlaumu walimlaumu kwa kuwa mwanamume, na walipogawa waligawa kwa kuwa mwanamke, na baina ya kauli mbili hizo kila mmoja alikuwa anajipatia shilingi 1,400,000 zaidi.

Kwa wale wanaofuata kauli ya Makka, kama sisi, mtu huyu aliyezaliwa na mwili wa kiume ulio wazi fungu lake ni la mwana wa kiume, halipungui kwa karatasi ya ugenini. Na kauli hiyo inakata pande zote mbili. Aliyezaliwa mwanamke dhahiri, akaandikwa mwanamume katika karatasi, fungu lake halipandi mara mbili kwa karatasi hiyo. Pakistan ilitunga sheria mwaka 2018 iliyofanya urithi ufuate jinsia aliyojiandikisha mtu mwenyewe, na mwaka 2023 Mahakama ya Sharia ya Shirikisho ya nchi hiyo ikaviondoa vifungu hivyo, huku ikisisitiza kwamba khuntha wana haki zao zote za uraia na utu.

Na kama mtu ni khuntha kweli, asiyejulikana upande wake, basi sharia haikumwacha mikono mitupu. Tuseme amekufa mtu akaacha 1,200,000, na warithi ni mwana wa kiume na khuntha. Kwa Mashafii kila mmoja hupewa lililo yakini: khuntha 400,000, mwana 600,000, na 200,000 zinawekwa mpaka hali ibainike au wapatane. Kwa Mamaliki khuntha hupewa nusu ya hali zote mbili, apate 500,000, na mwana 700,000. Tazameni, hakuna aliyesema asipewe kitu. Wazee wetu walipokuwa hawajui, walitunza fedha mpaka wajue.

Limebaki tawi la nne, nalo ndilo lililokuwa na haraka, kwa sababu posa ilikwisha kupokewa. Nani amwoze binti?

Uwalii si kama nasaba. Ni kazi, na kazi ina masharti. Walii wa kwanza ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume khalisa, kisha wa kwa baba, kisha watoto wao, kisha ami. Baba akikosa sharti, uwalii humwondokea ukaenda kwa anayefuata. Tahrir al-Wasila pia imesema kwamba wilaya ya baba aliyebadilika juu ya watoto wake wadogo huondoka. Hapa babu amekufa, ndugu wa binti ana miaka 11, hajabaleghe. Basi zamu inafika kwa ami. Ndugu wale wakafurahi, wakadhani tumewapa haki yao yote.

Tukamwuliza ami mkubwa: wewe ni nani kwa huyu binti? Akasema: mimi ni ami yake. Tukamwuliza: kwa njia gani? Akasema: ni mtoto wa ndugu yangu. Tukamwambia: ndugu yako yupi? Yule uliyetaka jina lake lifutwe? Ikiwa yule si baba yake, wewe si ami yake, na mwanamume asiye jamaa haozi binti wa watu. Na ikiwa wewe ni ami yake, basi yule ni baba yake, na jina la mtoto libaki pale lilipo. Mzee wa watu aliinamisha kichwa, kisha akacheka kidogo, nasi tukacheka naye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona haya mbele ya watu, na haya ikikosa elimu hugeuka dhulma.

Palikuwa na tatizo la pili la kifiqhi. Wale wanaosema baba bado ni mwanamume wataona kwamba uwalii wake haujaondoka ila yuko mbali, na katika madhhebu yetu walii wa karibu akiwa mbali kwa masafa ya safari, anayeoza ni kadhi, si walii wa mbali kama ami. Na wanaosema sharti limemkosa wataona ami ndiye walii. Ukifuata kauli moja ukaiacha nyingine, unaiweka ndoa ya binti katika maneno ya watu mpaka wajukuu. Tukawashauri wapeleke jambo kwa kadhi, na ami amwakilishe kadhi kwa kauli yake mbele ya mashahidi. Kadhi akioza, ameoza kwa cheo chake na kwa uwakala wa ami, na nikaha inasihi kwa kauli zote mbili. Tunakunasihini mfanye hivyo kila penye shaka ya uwalii, na hapa kwetu mahakama za kadhi ziko kwa ajili hiyo.

Tuseme neno na watoto wenyewe, kwa sababu wamo wanaotusikiliza. Mzazi wako ni mzazi wako. Katika Sura ya Luqman Mwenyezi Mungu ameamrisha kukaa kwa wema na wazazi hata wanaomhimiza mtoto amshirikishe Yeye, ijapokuwa katika hilo hawatiiwi. Hakuna maasi makubwa kuliko shirki, na bado wema haukuondolewa. Binti yule alituuliza kama baba yake akija kutembea atamvalia buibui kama mgeni. Tukamwambia hapana, yeye ni maharimu wake kama alivyokuwa siku alipombeba mchanga.

Na nyinyi walimu wa vyuo, mtoto wa nyumba kama hii asichekwe darasani. Katika Sura ya Al-Hujurat tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, na mtoto hakutenda lolote. Mvulana yule alikuwa ameacha kuja chuoni wiki mbili kwa maneno ya wenzake, na mwalimu wake hakuwa hata amemwuliza yuko wapi.

Nikaha ilifungwa baada ya Sala ya Isha, kadhi akiketi katikati na ami mkubwa kuliani kwake. Binti alitajwa kwa jina lake na jina la baba yake, kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa. Mahari yalikabidhiwa taslimu. Fedha za kila mwezi zilikwisha kuanza kupokelewa tena, na fungu la yule wa Uingereza katika shamba likaandikwa kamili, akamwakilisha mama yake kulisimamia. Bibi alikuwa ameketi ukumbini na wanawake wenzake, na jina lile liliposomwa tuliambiwa alivuta ukaya wake akafunika uso, akalia.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Simameni kwa Sala.